Ifakara: Mji wa Treni Isiyo na Haraka

Ipo miji ambayo hakuna anayebishana kuhusu asili yake. Mahali palipo na Nairobi palikuwa kinamasi na malisho hadi wajenzi wa reli ya Uganda walipopiga kambi mwaka 1899. Novosibirsk, huko Siberia, ulichipuka mwaka 1893 pale daraja la reli lilipopangwa kuuvuka mto Ob, na leo ni miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Urusi. Ifakara haimo katika kundi hilo. Reli ya TAZARA, ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, ilipolifikia bonde la Kilombero mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuta mji tayari upo, una soko, hospitali, misheni, maduka na kivuko chake. Ndiyo maana wengi wanaposimulia historia ya Ifakara huitaja reli kwa sentensi moja, kisha hurudi kwenye mto. Naona wanakosea. Ifakara ya leo, pamoja na mitaa yake iliyojipanua kama Viwanja Sitini, ni mji wa reli, ila si kwa namna waliyoikusudia marais, wahandisi na wakopeshaji. Treni ya shaba ya Zambia iliupita tu. Kilichoujenga ni ile treni ya abiria inayosimama kila kituo, ambayo katika hesabu za shirika la reli ilihesabiwa siku zote kuwa mzigo.

Kwanza tuupe mto haki yake. Bonde la Kilombero limelala kati ya ukuta wa Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, na masika yakikolea sehemu kubwa ya mbuga hufunikwa na maji. Wandamba waliyajua maji hayo kuliko wote. Walivua, walilima mpunga kwenye tope lililoachwa na mafuriko, na mitumbwi yao ndiyo iliyokuwa usafiri wa bonde. Katika karne ya 19 Wambunga walijikita maeneo ya Ifakara, Wapogoro wakiwa upande wa Mahenge, na Wabena wa Utengule wakiwa juu zaidi ya mto. Ifakara ilipata umuhimu kwa sababu njia inayotoka Kilosa na Kidatu kwenda Mahenge ilibidi ivuke mto hapo. Lakini aliyevuka alikuwa anakwenda kwingine. Utawala ulikaa mlimani: Wajerumani waliweka boma Mahenge, na ni boma hilo ambalo wapiganaji wa Majimaji walilishambulia tarehe 30 Agosti 1905. Waingereza nao waliitawala Wilaya ya Ulanga kutokea hukohuko juu. Kwa miaka mingi Ifakara ilikuwa mahali pa kubadilishia mzigo na kungojea mtumbwi, huku maamuzi, kodi na hukumu vikitoka Mahenge.

Wazo la reli bondeni ni la zamani kuliko TAZARA, na historia ya wazo hilo inaeleza mengi. Mwaka 1929 mhandisi Clement Gillman alitoa ripoti ya upimaji wa awali wa njia ya reli ambayo ingefungua kusini-magharibi mwa Tanganyika, na mwaka huohuo Alexander Telford akatoa ripoti nyingine kuhusu kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Zote mbili zilitokea mlangoni mwa mdororo wa uchumi wa dunia, na reli ikabaki kwenye karatasi. Baada ya hapo bonde likawa kipenzi cha wapimaji. Shirika la FAO nalo lilichunguza bonde la Rufiji pamoja na matawi yake na kutoa taarifa mwaka 1961. Swali lililorudiwa ni lilelile: je, ardhi hii itatoa tani za kutosha za mazao ya kuuza nje hata zilipe gharama ya vyuma? Kwa kipimo hicho jibu lilikuwa hapana, au bado. Hakuna aliyeuliza ni watu wangapi wa Kiberege wangependa kufika Mlimba na gunia mbili za mchele. Reli pekee iliyopatikana kabla ya TAZARA ilikuwa tawi la reli ya kati kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, lililojengwa kwa vipande na kufikishwa kwenye mashamba ya miwa katika miaka ya 1960. Sukari ilikuwa na tani. Ifakara, mbele zaidi, ikaachiwa barabara ya udongo.

Kilichovunja kizuizi cha hesabu kilikuwa siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikajikuta shaba yake inategemea reli zinazopita mikononi mwa maadui. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kulikataa wazo la reli ya kwenda Dar es Salaam. China ikakubali: makubaliano yalisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na kufikia Novemba 1971 reli ilikuwa imefika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam. Kwa bonde la Kilombero hayo yalikuwa mapinduzi ya mwaka mmoja tu. Kazi ya kutisha ilianzia Mlimba kupanda Makambako, ambako mahandaki na madaraja yalifuatana kwa wingi, na daraja la mto Mpanga likasimamishwa juu ya nguzo zenye urefu wa takriban mita 50. Njia nzima ya kilomita 1,860 ilikamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Katika hotuba zote za wakati ule reli ilikuwa ya ukombozi na ya shaba, ikaitwa Reli ya Uhuru. Bonde lilikuwa sehemu ya kupita kabla ya kuparamia mlima.

Hata hivyo wahandisi walilazimika kuchagua mahali pa kupitisha njia hiyo bondeni, na uchaguzi wao ukawa na matokeo makubwa kuliko hotuba. Katikati ya mbuga hapajengeki kwa sababu ya mafuriko, hivyo reli ikafuata ukingo, chini ya miguu ya Udzungwa: Mang'ula, Kiberege, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita, Mlimba. Ukingo huo ndio wenye ardhi bora kwa mkulima asiyetaka kufuata mto. Upande mmoja kuna vijito vinavyoshuka mlimani mwaka mzima, upande wa pili kuna majaruba ya mpunga. Kisha ikaja sera ya vijiji vya ujamaa, na serikali ikawasogeza watu kandokando ya njia, kwa sababu za maendeleo na pia za ulinzi, maana hofu ya hujuma dhidi ya reli haikuwa ya kubuni. Mwaka 1974 Wilaya ya Kilombero ilikatwa kutoka Ulanga, makao yake yakawa Ifakara. Watu wanaosema mji huu ungekua vilevile bila reli hawana budi kueleza kwa nini, baada ya miongo yote ya kutawaliwa kutoka Mahenge, mamlaka yalishuka bondeni katika miaka ileile reli ilipokuwa inakamilishwa. Kanisa Katoliki lilichelewa kufuata mkondo huo, lakini mwaka 2012 nalo likaunda Jimbo la Ifakara kutoka katika Jimbo la Mahenge.

Sasa tufike kwenye treni yenyewe. TAZARA ilikuwa na treni ya haraka, inayoruka vituo vidogo, na treni ya kawaida inayosimama karibu kila mahali penye jina. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyelichunguza eneo hili kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake kuhusu TAZARA mwaka 2009, alionyesha kuwa hii ya pili ndiyo iliyobadili maisha ya watu, na alifanya hivyo kwa kufuatilia hata stakabadhi za vifurushi vilivyopakiwa vituoni. Sababu si ngumu kuelewa ukitazama ramani kwa wima. Ifakara iko mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari. Makambako iko zaidi ya mita 1,600. Kwa safari moja, mchuuzi anatoka kwenye nchi ya mpunga, ndizi na samaki wa mto, anaingia kwenye nchi ya maharage, viazi na mahindi ya baridi. Majira ya mavuno hayalingani. Huku wanapovuna wale wanapalilia, na anayebanwa na njaa ya kiangazi upande mmoja hupata kibarua au chakula upande wa pili. Kabla ya reli tofauti hiyo ilikuwepo, lakini mlima ulikuwa kati yao, na mzigo ulipandishwa kichwani. Baada ya reli ikawa biashara ya siku mbili, inayoweza kufanywa na mtu mwenye mtaji wa debe chache.

Na wengi waliofanya hivyo walikuwa wanawake. Biashara ya lori humtaka mtu awe na lori, au ajuane na mwenye lori, au angalau ajaze tani. Behewa la daraja la tatu halikuuliza hayo. Mama aliyevuna gunia tatu angeuza moja nyumbani, mbili akapanda nazo, na kurudi na maharage ya kuuza kwa wale waliobaki. Treni iliposimama kituoni kwa dakika chache, soko zima lilifunguka na kufungwa dirishani: ndizi, miwa, mchele, samaki wa kukaanga, maembe. Kwa mhasibu wa shirika jambo hilo linaitwa ucheleweshaji. Kwa uchumi wa bonde ndiyo hasa iliyokuwa huduma. Ifakara ilipata faida kwa kuwa kituo cha katikati, mahali pa mashine za kukoboa, maghala, gesti za wasafiri wanaongoja treni iliyochelewa, na mafundi wa kila namna. Watu kutoka Njombe, Iringa na Mbeya walishuka kutafuta mashamba, wakapanga, wakajenga, na lugha za nyanda za juu zikaanza kusikika sokoni pamoja na Kindamba na Kipogoro. Mchele wa Kilombero ukapata jina hadi Dar es Salaam, jina ambalo wauzaji wa huko hulitumia hata kwa mchele uliotoka kwingine.

Pingamizi la kwanza ni la wenye takwimu, na lina uzito. TAZARA ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika miaka yake bora ilibeba zaidi kidogo ya milioni 1.2, mwaka 2014/15 ilianguka hadi takriban tani 88,000. Vichwa vya treni vya mwanzo vilishindwa na mlima wa Mlimba na ikabidi vinunuliwe vingine vyenye nguvu zaidi katika miaka ya 1980. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha kusini, mizigo ya Zambia ikapata njia nyingine. Ikiwa reli ilikuwa inakufa, mbona wilaya iliendelea kukua? Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 407,880 katika Wilaya ya Kilombero, na ile ya 2022 ikaonyesha zaidi ya 580,000. Anayeuliza hivyo anadhani reli hufanya kazi kama bomba, kwamba ukifunga koki kila kitu hukauka. Lakini kinachopimwa na tani zile ni shaba, mbolea na mizigo ya mikataba, si gunia lililofichwa chini ya kiti. Zaidi ya hapo, reli ilipanga watu: iliamua kijiji kikae wapi, soko liwe siku gani, shamba jipya lifunguliwe upande upi. Mpangilio huo ukishasimama haubomolewi na kuharibika kwa vichwa vya treni. Wanaokuja leo kwa basi hushukia kwa ndugu zao, na ndugu hao walifika kwa treni.

Ushahidi mwingine uko katika malalamiko. Mwaka 2000 shirika lilipopanga kupunguza huduma na kufunga baadhi ya vituo vidogo, wanakijiji waliandika barua za kupinga na kuzipeleka wilayani. Hoja yao haikuwa ya huruma tu. Walikumbusha kwamba walikuwa wameambiwa reli hii ni yao, wameilinda, baadhi wamehamishwa kwa ajili yake, na sasa mtu anakuja na kalamu kuwaambia kituo chao hakilipi. Watu hawaandiki barua za namna hiyo kuhusu kitu kinachowapita tu. Ikumbukwe pia kwamba mkulima wa Mngeta kupoteza kituo si sawa na mkazi wa Dar es Salaam kupoteza basi moja kati ya mengi. Barabara kati ya Ifakara na Mlimba, kwa sehemu kubwa ya historia yake, imekuwa ya udongo, na masika haina urafiki na gari.

Pingamizi la pili linatoka hospitalini. Ifakara inajulikana duniani kwa malaria kuliko kwa treni. Wakapuchini wa Uswisi, walioingia nchini mwaka 1921, na masista wa Baldegg walijenga huduma ya afya iliyokuja kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ya utafiti hapo mwaka 1957, na mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundishia wahudumu wa afya. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 chanjo ya malaria ya SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, na kuanzia 1997 mpango wa kueneza vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulitoa ushahidi uliotumika mbali nje ya Tanzania. Yote hayo yalianza kabla ya reli au bila kuitegemea, nakubali. Lakini hospitali huleta wagonjwa na wataalamu, na wagonjwa hurudi kwao. Walioujaza mji ni wakulima na wachuuzi. Tena wengi wao walitoka nyanda za baridi, ambako mtu hajakua akiumwa malaria kila masika, wakashuka kwenye mojawapo ya mabonde yenye mbu wengi zaidi nchini. Sehemu ya kazi ya madaktari wale, basi, ililetwa na gari moshi.

Lipo pingamizi la tatu ambalo watetezi wa reli hupenda kulikwepa, nami sioni sababu ya kulikwepa. Mlango ukifunguliwa hauchagui wa kuingia. Mkulima wa gunia mbili alifuatwa na mwekezaji wa maelfu ya hekta. Huko Mngeta, shamba kubwa la mpunga lililoanzishwa kwa ubia na Wakorea Kaskazini katika miaka ya 1980 liliishia mikononi mwa kampuni binafsi, lenye zaidi ya hekta 5,800, likasifiwa kuwa mfano, kisha kampuni hiyo ikafilisika. Mitiki ilipandwa kuanzia miaka ya 1990. Wafugaji na ng'ombe wao waliingia kutoka kaskazini na kutoka Usangu, hawakuletwa na treni, lakini waliikuta ardhi imekwisha kubanwa. Mwaka 2002 bonde liliorodheshwa kuwa ardhioevu ya Ramsar, karibu kilomita za mraba 8,000, na miaka kumi baadaye serikali ikaendesha operesheni ya kuondoa mifugo, kwa nguvu iliyoacha uchungu. Misitu ya miguuni mwa Udzungwa ilirudi nyuma vijiji vilipoongezeka. Mwenye kusema reli ilileta madhara haya hapingi hoja yangu, anaikamilisha. Hakuna anayeilaumu njia ya kupita tu kwa kubadili nchi nzima.

Kilichobaki ni barabara. Kwa miongo mingi anayekwenda Mahenge alivuka Kilombero kwa pantoni, na ajali ya pantoni hiyo Januari 2016 ilikumbusha gharama yake. Mwaka 2018 Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa, na baadaye barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 67 hivi, ikapata lami. Kwa safari ya Morogoro au Dar es Salaam, basi limeshinda. Ni haraka, na linaondoka kwa saa iliyoandikwa. Kwa hiyo Ifakara imerudi kuwa mji wa kuvukia, safari hii bila kungoja maji yapungue. Lakini upande wa kusini-magharibi, kuelekea Mlimba na mlima, treni bado ina kazi ambayo basi halijaichukua. Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilisaini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na kiasi kinachotajwa ni dola bilioni 1.4. Wakati huohuo Marekani na Ulaya wanaisukuma njia ya Lobito kupitia Angola, na shaba ya Kongo na Zambia inaweza kwenda magharibi kama inavyoweza kuja mashariki. Shaba ina bandari za kuchagua. Mpunga wa Mbingu na ndizi za Mlimba hazina, na katika hesabu za mwendeshaji yeyote mpya kituo cha kusimama dakika tano kwa ajili ya magunia kumi kitaonekana tena kuwa hasara.